Kezilahabi hakuazima huzuni Ujerumani

KUNA wahakiki ambao wakimtaja Euphrase Kezilahabi hukimbilia Ujerumani. Watakwambia fikra zake ni za Friedrich Nietzsche na Martin Heidegger, na ati ile hali ya kukata tamaa iliyojaa katika riwaya zake ni shehena iliyoshushwa bandarini. Mimi, msomaji wake wa miaka mingi hapa Likoni, sikubaliani nao.

Ni kweli falsafa hizo alizisoma. Kezilahabi alizaliwa mwaka wa 1944 kijijini Namagondo, kisiwani Ukerewe. Alisomea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mnamo 1985. Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya zake zenye falsafa nzito zaidi, zilitoka baada ya hapo.

Lakini hebu tutazame tarehe. Rosa Mistika ilichapishwa 1971, ikapigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Kichwamaji ikafuata 1974. Humo Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anajiuliza maisha yana maana gani, na mwishowe anajiua. Naam, vitabu vya Ulaya vilifika Dar es Salaam pia. Hata hivyo, kitabu hakimpi mtu uchungu asiokuwa nao.

Isitoshe, Nietzsche alizaliwa 1844. Kufikia mwaka huo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alikuwa ameshatunga Al-Inkishafi, utenzi unaoyatazama magofu ya Pate na kuuliza walikoenda matajiri waliojivuna humo. Huzuni ya kutafakari ni ya kwetu, tena ya kale.

Wawili hao wanaachana mahali pamoja. Sayyid Abdalla anauonya moyo wake uiandalie akhera. Kezilahabi hampi Kazimoto kimbilio lolote. Ndiyo maana wengi humwona mchungu kama shubiri.

Nami ndiyo maana nampenda. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi ikivuka kwenda kisiwani, safari ya dakika chache tu. Watu 272 wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara ikitokea Ukerewe, kwao Kezilahabi. Zaidi ya watu 200 wakafa. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza watu kupita kiasi.

Matangani husemwa kwamba kazi ya Mola haina makosa. Ni faraja, wala siidharau. Lakini mama aliyempoteza mwanawe hubaki na swali usiku kucha, na mara nyingine faraja hiyo hiyo huwafunika waliojaza feri. Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, hakukubali swali lizikwe pamoja na maiti.

Kuna walimu wanaosita kumpa mwanafunzi Kichwamaji wakihofia atavunjika moyo. Hofu yao ina msingi. Kitabu hicho si cha kumwachia kijana peke yake. Basi na wakisome naye, Al-Inkishafi ikiwa pembeni, wazungumze. Ataona kwamba kuuliza si kukufuru, wala si Uzungu.