Hitilafu si kasoro tu

Seva ya hifadhidata ikibadili mwenendo baada ya kupandishwa toleo, taarifa ya kwanza ya mafundi huwa "kuna hitilafu", na kila anayeisikia huelewa kwamba kitu kimeharibika. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kutofautiana, na Kiswahili hakijaipoteza maana hiyo: watu wakihitilafiana, hakuna aliyeharibika, hawajaafikiana tu. Naona maana hii ya asili ndiyo inayomfaa fundi. Kwa mfano, programu ya hifadhidata ya MySQL 8.0, iliyotoka mwaka 2018, iliacha kupanga kwa mfuatano majibu yanayokusanywa kwa makundi, kazi ambayo toleo la 5.7 liliifanya bila kuombwa. Orodha zilizovurugika hazikuwa na ugonjwa, zilikosa agizo la kupanga, ORDER BY. Katika programu nyingine, PostgreSQL, kabla ya toleo la 18, zana ya kupandisha toleo, pg_upgrade, haikuhamisha takwimu ambazo seva huzitegemea kuchagua njia ya kutafuta data, hivyo maswali yaliyokuwa mepesi yangeweza kukwama hadi itolewe amri ya kuzikusanya upya, ANALYZE.

Atasema mtu kwamba mhasibu mwenye ripoti mbovu hajali asili ya neno. Ni kweli, na kasoro halisi za programu zipo. Lakini anayedhani kitu kimeharibika huizima seva na kuiwasha upya, au hurudisha toleo la zamani kwa pupa. Anayetafuta tofauti hufungua maelezo ya toleo jipya, akalinganisha jinsi swali lilelile lilivyotekelezwa kabla na baada. Hata kasoro halisi hunaswa kwa njia hiyo ya pili.