Kupasuliwa Sio Mambo ya Wazungu

Vijana wenzangu, huku Lobule na Rhino Camp bado tunasikia wazee wakisema mama anayezaa kwa kupasuliwa ni mvivu wa kusukuma, eti ni mambo ya wazungu. Tuangalie historia kidogo.

Mwaka 1879, kule Kahura, Bunyoro, kusini mwa West Nile yetu, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia fundi mwenyeji na wasaidizi wawili wakimpasua mama wa mimba ya kwanza, wa miaka kama 20. Walimlewesha na pombe ya ndizi, na hiyo hiyo wakanawia mikono na kuoshea tumbo. Wakatoa mtoto, wakazuia damu kwa chuma cha moto, wakafunga kidonda na pini saba za chuma. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Ulaya wakati ule, wengi waliopasuliwa hivyo walikufa.

Leo Arua na Koboko, daktari anapasua kwa sababu: mtoto amelala kwa upana, kondo limeziba njia, nyonga ni ndogo, ama moyo wa mtoto unachoka. Hatari pia zipo: kupoteza damu, kidonda kuingia vijidudu, kovu kupasuka mimba ijayo. Kwa hiyo mwenye kovu asizalie nyumbani.

Jameni, daktari akisema apasuliwe, msikae kikao cha ukoo mpaka usiku. Ulizeni sababu, mkubali mapema, na mwenye nguvu atoe damu.