Tembe
Hapa Iguguno, mkoani Singida, ukitaja tembe mbele ya wazee, fikira zao huelekea kwanza kwenye nyumba ya udongo yenye paa bapa, ilhali kwa tabibu neno lilo hilo ni dawa iliyoshindiliwa. Nami naona kila maana ina haki yake. Tembe ya kisukari itoayo dawa taratibu, ambayo huweza kukusanya metformini na glimepiraidi pamoja, hutiwa selulosi maalumu ambayo, ikilowana tumboni, huvimba ikawa ute mzito, metformini ikapenya humo kidogo kidogo kwa saa nyingi. Basi, ewe msomaji, imeze nzima, usiitafune wala kuiponda, maana dawa ya kutwa nzima itamwagika mwilini kwa mara moja. Na ukiona ganda lake chooni usitaharuki, kwani dawa imekwisha kutoka.