Mizani na Maji: Al-Biruni, Al-Khazini na Historia ya Kupima Densiti

Densiti ya kitu hupatikana kwa kugawanya tungamo lake kwa ujazo wake. Kanuni hii fupi hufundishwa shuleni kana kwamba ilizaliwa maabarani. Makala haya yanadai kwamba sehemu kubwa ya historia yake imo sokoni na katika hazina za wafalme, ambako dhahabu iliyoghushiwa ilimdhulumu mnunuzi huku mizani ikishuhudia kuwa uzito umetimia.

Mizani ya kawaida hueleza uzito pekee. Mithkali 100 za dhahabu safi hulingana nayo sawasawa na mithkali 100 za dhahabu iliyochanganywa na fedha. Tofauti hujitokeza katika ujazo: kwa kuwa fedha ni nyepesi kuliko dhahabu, mchanganyiko huo huchukua nafasi kubwa zaidi. Hata hivyo, ujazo wa taji au kidani chenye nakshi haupimiki kwa rula. Archimedes wa Sirakusa, katika karne ya 3 KK, husimuliwa kuwa aliutatua ugumu huo kwa kutumia maji. Kazi ya kuligeuza wazo hilo kuwa majedwali ya vipimo makini ilisubiri wataalamu wengine.

Mmoja wao ni Abu Rayhan Al-Biruni (973–1048), mzaliwa wa Khwarazm katika Asia ya Kati. Alitengeneza chombo chenye umbo la pia na mrija uliopinda shingoni. Alikijaza maji hadi usawa wa mrija, akatumbukiza metali, kisha akapima uzito wa maji yaliyotoka. Mithkali 100 za dhahabu zilitoa maji ya mithkali 5, daniki 1 na tasuji 2. Mithkali moja ina daniki 6, na daniki moja ina tasuji 4. Hivyo jumla ni mithkali 5.25. Ukigawanya 100 kwa 5.25 unapata 19.05: dhahabu ni nzito mara 19.05 kuliko maji ya ujazo uleule. Kipimo cha leo ni takribani 19.3, tofauti isiyofika asilimia 2. Kwa kuyapima maji yaliyotoka, Al-Biruni aliufanya ujazo usomeke kwenye mizani.

Matokeo hayo yalihifadhiwa na Al-Khazini wa Merv, mtu wa asili ya Kigiriki aliyewahi kuwa mtumwa. Kitabu chake, Mizani ya Hekima, cha mwaka 1121, kiliandikwa kwa ajili ya Sultani Sanjar wa Waseljuki. Humo alieleza mizani ya vitanga vitano iliyoweza kupima kitu hewani na majini. Alitahadharisha pia kwamba maji hutofautiana kwa chimbuko na kwa joto, kwa hiyo mpimaji hana budi kuyajua maji anayoyatumia.

Kabla yake, Al-Isfizari alikuwa ameunda mizani ya namna hiyo. Inasimuliwa kwamba mtunza hazina wa sultani aliivunja kwa hofu kwamba hila zake zingefichuka, na kwamba Al-Isfizari alikufa kwa majonzi. Hata kama simulizi hiyo imetiwa chumvi, inadhihirisha kwamba watu wa zama hizo walitambua nguvu ya kipimo hicho mbele ya wenye mamlaka.

Historia hii haiko mbali na pwani ya Afrika Mashariki. Dhahabu ya Sofala, ambayo biashara yake iliitajirisha Kilwa, ilihesabiwa kwa mithkali, na metikali, sarafu ya Msumbiji, imerithi jina hilo. Maneno mizani na hekima nayo yaliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, lugha ileile aliyoiandikia Al-Khazini. Mwalimu anayefundisha densiti kwa Kiswahili anayo, basi, hazina ya kueleza kwa nini kanuni hiyo ilihitajika: uzito peke yake haukutosha kumlinda mnunuzi.