Kutoka Yambuku hadi Bunia: namna Kongo ilijifunza kupima na kutibu Ebola

Tarehe 25 Juni 2020 Kongo ilitangaza mwisho wa mlipuko wa kumi wa Ebola. Ulikuwa umetangazwa Agosti 2018 huko Mangina, Kivu Kaskazini, na haukukawia kuingia Ituri kupitia Mandima, wilayani Mambasa. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa. Wakaaji wa Bunia, Komanda na Tchomia wanakumbuka ndoo za maji ya klorini, kupimwa joto barabarani na mazishi ambayo ndugu hawakuruhusiwa kugusa maiti. Jambo ambalo wengi hawalisemi ni hili: katika mlipuko huo huo ndipo ilipothibitishwa dawa ya kutibu Ebola, na moja ya dawa hizo imetoka katika damu ya Mkongomani.

Historia hiyo inaanza mwaka 1976 Yambuku, Équateur. Daktari Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya kumaliza udaktari wa elimu ya virusi Leuven, Ubelgiji, alitumwa kuchunguza homa isiyojulikana. Aliwatoa wagonjwa damu bila glavu, akaona tundu la sindano likiendelea kuvuja. Kinshasa haikuwa na maabara ya kutambua kirusi kama hicho. Damu ilisafirishwa ndani ya thermos hadi Antwerp, kisha vipimo vikaendelea Uingereza na Marekani. Ugonjwa ulikuwa wa Kongo, lakini jibu lilitoka Ulaya na Amerika. Watu 280 kati ya 318 walikufa.

Mwaka 1984 nchi ilipata Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, INRB, mjini Kinshasa. Ebola iliporudi Kikwit mwaka 1995, Muyembe na wenzake walijaribu jambo jepesi: kuwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Saba waliishi. Wataalamu wengi wa nje hawakusadiki. Walisema wagonjwa ni wachache mno, na huenda wangepona hata bila damu hiyo. Hoja yao ilikuwa na uzito, kwa sababu hapakuwa na kundi la kulinganisha. Lakini swali lilibaki: je, damu ya aliyepona ina kinga inayoweza kumponya mwingine?

Miaka 11 baadaye damu ya mtu aliyepona Kikwit ilichunguzwa kwa ushirikiano wa INRB, taasisi za afya za Marekani huko Bethesda na watafiti wa Bellinzona, Uswisi. Kinga ilikuwa bado imo. Wakaitenga kingamwili moja, wakaiita mAb114, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Wazo na damu vilitoka Kongo, mashine na fedha nyingi zilitoka nje.

Jaribio kubwa lilianza Novemba 2018 katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, likiongozwa kwa pamoja na INRB na Wamarekani. Dawa nne zililinganishwa kwa kura, ili mganga asichague nani apate ipi. Kazi iliendelea huku vituo vikishambuliwa. Agosti 2019 dawa mbili zilionekana bora. Waliopewa mAb114 walikufa 35 kwa mia hivi, wa dawa ya Regeneron karibu 34, na wa zile nyingine mbili karibu nusu. Kwa waliofika mapema, kirusi kikiwa bado kichache mwilini, vifo kwa dawa hizo mbili vilishuka hadi karibu 10 kwa mia. Mwaka 2020 Marekani iliziidhinisha zote mbili.

Upimaji nao ulibadilika. Kutoka Bunia hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700 kwa ndege, na kungoja jibu kutoka huko kungeua watu. Kwa hiyo INRB ilifungua maabara za karibu, Bunia, Komanda na Mambasa zikiwemo, zenye mashine za GeneXpert zinazotoa jibu kwa saa chache. Mashine ya aina hiyo hupima pia kifua kikuu. Fundi aliyejifunza kuitumia kwa Ebola hapotezi ujuzi wake mlipuko unapokwisha. Mwaka 2019 Muyembe alitangaza kwamba damu inayotolewa kwa wagonjwa Kongo itabaki Kongo.

Lakini hesabu haijafungwa. Leseni ya kutengeneza mAb114, sasa Ebanga, ilipewa kampuni ya Marekani, Ridgeback Biotherapeutics. Kongo haina kiwanda cha kuitengeneza, na hata vifaa vya kutumia ndani ya GeneXpert huagizwa nje. Vikikwisha, mashine inabaki sanduku tu.

Kutoka Yambuku hadi Bunia, nchi imevuka hatua tatu: kutuma damu nje, kufanya utafiti pamoja na wageni, na kuuongoza utafiti huo katika ardhi yake. Hatua ya nne, kutengeneza dawa yenyewe, bado. Kwa jimbo kama Ituri, ambako msitu, barabara mbovu na vita hukutana, kinachohitajika sasa ni mafundi wa maabara kulipwa mishahara na kupewa vifaa hata wakati hakuna mlipuko. Ujuzi uliopatikana kwa vifo vya watu 2,287 ukiachwa utawanyike, mlipuko mwingine utaanza tena na thermos.