Nani Alilipa Kodi ya Chumba cha Kenyatta?

Historia za viongozi wetu waliosoma Ulaya huandikwa kana kwamba walilala ndani ya vitabu vyao. Tunatajiwa vyuo, walimu na vyeti. Ni nadra kuambiwa nani alilipa chumba. Hapa Geita swali hilo si la anasa. Wazazi wenye kijana aliyepata nafasi ya kusoma Uingereza hunieleza hesabu ileile: tuuze shamba tulipe ada na nauli, pango na chakula atajitafutia kwa vibarua hukohuko.

Jomo Kenyatta aliishi ndani ya hesabu hiyo. Chama cha Kikuyu Central Association kilimtuma London mwaka 1929 kuwasilisha malalamiko ya ardhi, na mwaka 1931 akaenda tena. Tegemeo lake lilikuwa michango ya wanachama, yaani shilingi za wakulima, nayo ilifika kwa kusuasua. Tangu 1933 alipanga katika nyumba namba 95, Cambridge Street, mtaa wa Pimlico. Leo ukutani pana kibao cha kumbukumbu. Hakisemi kwamba mpangaji huyo alidaiwa kodi mara kwa mara.

Vibarua alivipata. Katika University College London alilipwa ili wataalamu wa fonetiki wasikilize anavyotamka Kikikuyu. Utafiti huo ulizaa kitabu cha Lilias Armstrong kilichotoka mwaka 1940. Hiyo ilikuwa kazi ya heshima. Kibarua kingine kilikuwa kigumu zaidi kukisimulia: nafasi ndogo ya chifu katika filamu ya *Sanders of the River*, ya mwaka 1935, iliyomtukuza mtawala wa kikoloni mbele ya Waafrika waliochorwa kama watoto. Paul Robeson, mwigizaji mkubwa wa filamu hiyo, baadaye aliikana. Kenyatta, mjumbe wa watu walionyang'anywa ardhi, alivaa mavazi aliyopewa akapokea malipo. Simlaumu. Mwenye malimbikizo ya kodi hana nafasi ya kuchagua sana, na hiyo ni gharama ambayo haimo katika hesabu ya wazazi wetu.

Wakati huohuo alisoma anthropolojia kwa Bronislaw Malinowski katika London School of Economics, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1938 kwa jina la *Facing Mount Kenya*. Tukisema alijisomesha, tunawafuta wakulima waliochanga, marafiki waliomsaidia, na mwenye nyumba aliyesubiri. Vibarua vilipunguza deni, havikuliondoa.

Linganisha na Julius Nyerere, aliyekwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili wa serikali na kuhitimu mwaka 1952. Tofauti yao haikuwa akili wala bidii. Mmoja alikuwa na ruzuku. Mwingine alikuwa na subira ya mwenye nyumba.

Kijana wa leo amebanwa kuliko Kenyatta. Viza ya mwanafunzi wa shahada nchini Uingereza kwa kawaida humruhusu kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kenyatta hakuwekewa kikomo hicho. Tena, mwombaji kwa kawaida hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu za hadi miezi 9 kabla ya kupewa viza, na mshahara anaotarajia kuupata huko hauhesabiwi. Yaani serikali inayompokea yenyewe haiamini kwamba vibarua vitamlipia chumba. Sisi tunaamini kwa nini?

Ndiyo maana nina neno na maofisa wanaotangaza nafasi za masomo ya nje. Tangazo likisema ada italipwa, liseme pia, kwa herufi za ukubwa uleule, kama malazi yamo au hayamo, na chumba katika mji ule hukodishwa kwa kiasi gani kwa mwezi. Mzazi alisome hilo kabla hajamwita mnunuzi wa shamba.