Anatajwa Nani? Bariadi na Historia ya Kubashiri Majina

Mwaka wa uchaguzi ukikaribia, kahawa ya jioni huchelewa kuisha mjini Bariadi. Birika limekaa juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo vinasuuzwa kwenye ndoo na kurudi mkononi mwa mteja mwingine, na mtu aliyekuwa akilalamikia bei ya pamba anashusha sauti ghafla: "Kuna mtu anatajwa." Wenzake wanasogea. Watauliza ni nani, ametoka ukoo gani, ana kazi gani Dodoma au Dar es Salaam, ana fedha kiasi gani. Swali moja halitaulizwa: anatajwa na nani? Kitenzi chenyewe kimeumbwa kwa kazi hiyo. Mtajwa yupo, mtajaji hayupo.

Majirani wa Kenya wana nafasi kubwa zaidi ya kuchezea mchezo huu. Tangu mwaka 2013 kaunti zao 47 zinachagua magavana kwa kura, na miaka mitatu kabla ya uchaguzi majina huwa tayari yamejaa magazetini. Simiyu, mkoa wenye mji wa Bariadi, haina gavana wa kupigiwa kura. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, na taarifa ya Ikulu inaweza kutoka usiku watu wakiwa wamelala. Ndivyo Mei 2021 Anthony Mtaka, aliyekuwa ameuongoza mkoa huo tangu 2016, alivyopelekwa Dodoma na nafasi yake akapewa David Kafulila. Mwaka uliofuata Kafulila naye akaondoka. Hakuna kijiwe kilichoombwa maoni. Kwa hiyo ubashiri wote wa Bariadi, pamoja na ule ambao pengine ungeenda kwa gavana, umemiminwa kwenye kiti kimoja: ubunge.

Neno "Ikulu" lenyewe ni la huku. Kabla halijawa jina la jumba jeupe la Magogoni, ikulu ilikuwa makazi ya mtemi kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Ntuzu, Itilima, Kanadi na Meatu zilikuwa himaya zenye watemi wao muda mrefu kabla hazijawa majina ya wilaya, tarafa au kata. Na mtemi hakurithiwa na mwanawe. Kwa mila ya zamani, kiti kilikwenda kwa wapwa, watoto wa dada na mabinti wa ukoo wa utemi, na waliokuwa wakimteua ni wazee walioitwa banang'oma, watu wa ngoma.

Ukilitazama kwa makini, hilo lilikuwa soko zuri la uvumi. Ukoo wenye mabinti wengi ulikuwa na wapwa wengi, kila mpwa akiwa na kijiji cha mama yake nyuma yake. Banang'oma walikaa faragha. Nje, watu walisubiri. Mvua ikigoma au ng'ombe wakifa, mtemi aliyepo aliweza kulaumiwa, na majina ya wanaofaa kumrithi yakaanza kuzunguka. Aliyechaguliwa alijulikana siku alipotolewa mbele ya watu.

Waingereza walipokuja na utawala wao wa kupitia watemi, waliusukuma utaratibu huo uelekee kwa baba na mwana, kwa sababu karani wa wilaya alihitaji orodha inayosomeka. Banang'oma wakapungukiwa kazi. Chaguo la mwisho likahitaji baraka ya bwana shauri, na juu yake gavana, maana Tanganyika wakati huo ilikuwa na gavana wa kweli, aliyekaa Dar es Salaam. Msukuma wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, Mtemi Kidaha Makwaia wa Busiha, Shinyanga, aliingia mwaka 1945 kwa kuteuliwa na gavana huyo, pamoja na Abdiel Shangali wa Machame. Usukuma nzima ikawa na mwakilishi ambaye haikumpigia kura hata moja. Utemi wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru.

Halafu likaja jembe, na nyumba.

Uchaguzi wa Septemba 1965 ulikuwa wa kwanza chini ya chama kimoja, na utaratibu wake ulikuwa wa ajabu kidogo. Mkutano wa wilaya wa TANU uliwapigia kura walioomba, majina yakaenda Halmashauri Kuu ya Taifa, nayo ikarudisha mawili kwa kila jimbo. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Wagombea walipelekwa mikutanoni pamoja, wakapanda jukwaa moja, wakakatazwa kugusia kabila, dini au rangi. Kwa kuwa wote walikuwa wa chama kilekile chenye ilani ileile, palibaki kitu kidogo sana cha kubishania, na watu wakabishania alama. Jembe ni kazi, jembe ni pamba, jembe ni chakula. Nyumba je? Nyumba ni heshima ya mtu mzima, lakini bila jembe utakula nini humo ndani? Katika nchi ya wakulima, aliyepata jembe aliona amepata nusu ya kura bure.

Pamoja na mipaka yote hiyo, mpiga kura wa Kanda ya Ziwa aliweza kufanya jambo. Paul Bomani, aliyejenga ushirika mkubwa wa wakulima wa pamba wa Victoria na wakati huo alikuwa Waziri wa Fedha, alishindwa jimboni kwake Mwanza mwaka huo wa 1965. Rais Nyerere alimrudisha bungeni kwa uteuzi, lakini habari ilikuwa imekwisha kusambaa kwenye kila kituo cha kununulia pamba: waziri anaangushika. Mchujo wa juu uliamua majina mawili yatakayokuja, si lipi kati ya hayo litakalobaki.

Miaka 27 ilipita hivyo hadi sheria ya vyama vingi ya 1992, na hapo Bariadi ikatoa jina ambalo lilitajwa nchi nzima. John Momose Cheyo, mfanyabiashara, alisimama kugombea urais Oktoba 29, 1995 kwa tiketi ya chama chake cha UDP. Wenzake walikuwa Benjamin Mkapa wa CCM, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi na Ibrahim Lipumba wa CUF. Mrema alikuwa na umati, Lipumba alikuwa na uchumi wa darasani. Cheyo alikuja na neno moja: mapesa. Aliwaambia watu kwamba umaskini wao unatokana na kukosa fedha mfukoni, na kwamba yeye angeziweka humo. Wasomi walicheka. Jina la "Bwana Mapesa" likamganda hadi leo.

Lakini kicheko hicho kilitoka mbali na Bariadi. Mkulima wa pamba anauza mara moja kwa mwaka. Alikuwa ameshuhudia ushirika ukimkopa zao na kuchelewesha malipo, na sasa wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kuingia na mizani zao. Kwake, mtu anayezungumza juu ya pesa taslimu alizungumza juu ya shida iliyopo mezani. Cheyo alipata karibu asilimia 4 ya kura za urais nchini kote, akawa wa mwisho kati ya wanne, lakini chama chake kiliingiza wabunge 3 wa majimbo, na ngome yake ilikuwa huku kwa Wasukuma.

Kampeni zenyewe zilikuta jukwaa limekwisha kuandaliwa na utamaduni. Usukumani ngoma ni mashindano. Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyojifungamanisha na waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, hupambana baada ya mavuno: kila upande unacheza mahali pake, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mtazamaji anapiga kura kwa miguu yake. Anayejua hivyo haoni ajabu mwanasiasa wa Bariadi akihesabu vichwa kwenye mkutano kabla hajahesabu kura, na haoni ajabu kuvunjika kwa moyo wake masanduku yanapofunguliwa, kwa maana waliokuja kuangalia ngoma hawakuahidi zaidi ya kuangalia.

Cheyo alirudi kwenye urais mwaka 2000, akapata tena asilimia 4 na kidogo. Kisha akageukia nyumbani. Mwaka 2005 alichukua jimbo la Bariadi Mashariki, akawa mbunge pekee wa jimbo kutoka UDP, na 2010 akalitetea.

Mwaka huohuo wa 2005, upande wa pili wa wilaya, Bariadi Magharibi ilimpata Andrew Chenge. Huyu hakuhitaji kutajwa na kijiwe. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali tangu 1993 na alikuwa amekaa karibu na meza ya Baraza la Mawaziri chini ya marais wawili. Aliingia bungeni, akapewa uwaziri, na Aprili 2008 akajiuzulu Wizara ya Miundombinu wakati wachunguzi wa Uingereza walipokuwa wakifuatilia ununuzi wa rada kutoka BAE Systems na takriban dola milioni 1 zilizokuwa kwenye akaunti yake kisiwani Jersey. Akizungumza na waandishi wa habari, aliziita "vijisenti". Hakushtakiwa kwa suala hilo, lakini neno lile lilimfuata kila alikokwenda.

Linganisha majirani hao wawili. Mmoja aliahidi watu mapesa na akaishia kuongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, akikagua matumizi ya wengine. Mwingine alikuwa na vijisenti. Wilaya moja ndogo ya pamba iliipa siasa ya Tanzania maneno mawili ya fedha ambayo hayajasahaulika, na sidhani kama kuna wilaya nyingine yenye sifa hiyo.

Walioko mbali walibashiri mwisho wa Chenge mara nyingi. Walikosea 2010, alipochaguliwa tena. Wakakosea 2015, baada ya sakata la fedha za akaunti ya Escrow lililomgusa, alipochaguliwa kwa mara ya tatu. Mwaka huo ramani yenyewe ilikuwa imebadilika: mkoa wa Simiyu ulizaliwa Machi 2012 kwa kuimega Shinyanga na kuongezewa Busega kutoka Mwanza, Itilima ikawa wilaya, na Bariadi Mashariki ikawa jimbo la Itilima. Humo Cheyo alishindwa na Njalu Silanga wa CCM, na UDP ikatoka bungeni. Upande wa Bariadi, Chenge aliendelea kuitwa mtu wa nyumbani. Kijiwe cha kahawa kilijua jambo ambalo safu za magazeti hazikulipima: mtu anayejadiliwa Dar es Salaam kama kashfa anaweza kujadiliwa Bariadi kama mtoto wetu aliyefika mbali.

Safari yake iliishia kwenye vikao. Julai 2020 CCM iliendesha kura za maoni nchi nzima, kura zikihesabiwa hadharani mbele ya wagombea, na vigogo wakashuhudia wakipata kura zinazohesabika kwa vidole. Hapo ndipo ulipozaliwa ule msemo wa "wajumbe si watu". Jina lililorudi Bariadi lilikuwa la Mhandisi Kundo Mathew, aliyeshinda jimbo na baadaye akawa naibu waziri. Chenge hakuwamo.

Tazama basi nani anaamua. Banang'oma walikaa faragha. Gavana aliteua. Halmashauri Kuu ya TANU ilirudisha majina mawili. Wajumbe wa kura za maoni wanapiga kura, kisha vikao vya juu vinaweza kukata. Kati ya hatua zote hizo, wakati ambao mtu wa kawaida wa Bariadi alimwamulia mgombea moja kwa moja ni mfupi, na hauzidi siku yenyewe ya kura. Ndiyo maana anabashiri sana. Msamiati wote wa watia nia, wa kupima upepo, wa jina kukatwa na jina kurudi, umetungwa na watu waliosimama nje ya mlango wakisikiliza. Kuwadharau kwamba ni wapiga soga ni kuwaonea.

Mei 12, 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, kupitia mwenyekiti wake Jaji Jacobs Mwambegele, ilitangaza majimbo mapya 8, na moja likawa Bariadi Mjini. Jimbo la zamani likaitwa Bariadi Vijijini. Nchi ikafika majimbo 272. Kijiwe kikahitaji orodha mbili za majina, na fomu za ubunge za CCM zilipoanza kutolewa mwishoni mwa Juni kwa shilingi 500,000, orodha zote mbili zilikuwa zimejaa.

Majina ya miaka ya karibuni yamehifadhiwa magazetini na kwenye kumbukumbu za Bunge. Ya banang'oma wa mwisho wa Ntuzu na Itilima yamo vichwani mwa wazee, na vilevile mabishano ya jembe na nyumba. Aliyekuwa kijana mwaka 1965 sasa amevuka miaka 80. Mwenye babu au bibi wa umri huo Bariadi, Itilima au Meatu amketishe jioni moja, amwulize alichagua alama gani na kwa nini, kisha aandike.